"Mwache alale" inaua watu hii Nairobi

Wacha nianze na wale watakaonitukana, tumalizane nao mapema. Najua komenti zenu, nimezisoma miaka yote hii. "Fisi ameliwa." "Kwani alikuwa anatafuta nini kwa klabu saa tisa usiku?" "Pishori ya Mwea, imeiva vizuri." Halafu vile vibonzo vya sufuria na mwiko. Msee amepatikana kwa ngazi za jengo fulani huku tao, hana simu, hana viatu, hajui leo ni siku gani, na sisi tunashindana nani atatoa kichekesho kitamu. Hata DCI wenyewe, ile enzi ukurasa wao ulikuwa unaandikwa kama riwaya ya kusisimua, walitupikia stori za mchele mpaka unasahau kwamba mwisho wa stori kuna mtu amelazwa.

Leo siongei juu ya maadili. Nani alienda wapi, na nani, amevaa nini, hiyo peleka kwa pasta wako au kwa shangazi yako. Naongea juu ya dawa. Kwa sababu vichekesho vyote hivi vimesimama juu ya kitu kimoja: hatujui mchele hufanya nini ukishaingia mwilini.

Nimechoka na sentensi mbili. Ya kwanza ni "mwache alale." Ya pili ni "lakini alitembea mwenyewe." Ya kwanza inaua watu, ya pili inazika kesi. Na zote mbili ni uongo.

Tuanze na jina. Mchele si jina la dawa moja. Ni jina la kazi. Mtu akiweka kitu kwa glasi yako ili uzime akuibie au akufanyie unyama, hicho kitu kinaitwa mchele, kiwe ni kidonge gani. Kile maarufu zaidi ni kile mtaa huita bugizi, jina lake la dukani Rohypnol, na jina lake la kisayansi flunitrazepamu. Ni mtoto wa ukoo mkubwa wa dawa unaoitwa benzodiazepini. Ukoo huo ulianzia kwenye maabara ya kampuni ya Roche, mikononi mwa mkemia anayeitwa Leo Sternbach. Librium ilitoka 1960, Valium ikafuata 1963, na Rohypnol yenyewe ikaanza kuuzwa Ulaya 1975 kwa watu wenye shida kubwa ya kukosa usingizi.

Sizichukii hizi dawa, na usije ukasema nimesema hivyo. Mtoto akipatwa na degedege isiyokatika, daiazepamu ndiyo humrudisha. Mtu anayeacha pombe baada ya miaka mingi anaweza kufa kwa mtetemeko na degedege bila dawa za ukoo huu. Na kama wewe umeandikiwa na daktari na unazitumia kila siku, tafadhali usiziache ghafla ati kwa sababu umenisoma mimi. Kuziacha ghafla nako huleta degedege. Ongea na daktari wako.

Sasa, ubongo wako una breki na una mafuta. Breki kubwa ni kemikali inayoitwa GABA. Ikigusa kipokezi chake kwenye seli ya ubongo, mlango mdogo unafunguka, chembe za kloraidi zinaingia, seli inatulia. Benzodiazepini hazikanyagi breki zenyewe. Zinaufanya mguu ulio kwenye breki uwe mzito: GABA yako ileile ikija, mlango unafunguka mara nyingi zaidi. Ndiyo maana kidonge peke yake, kwa mtu mzima mwenye afya, ni nadra kuua. Kuna kikomo. Bila GABA yako mwenyewe, dawa haina kazi.

Hicho kikomo ndicho kiliwafanya madaktari wazipende, kwa sababu dawa za usingizi za kabla yake, zile babitureti, zilikuwa hazina huruma. Zenyewe zinaweza kuufungua huo mlango na kuuacha wazi. Tofauti kati ya kipimo cha kulala na kipimo cha kufa ilikuwa nyembamba sana. Marilyn Monroe alikufa nazo 1962, zikiwa zimechanganyika na dawa nyingine ya usingizi, klorali haidreti.

Lakini mchele hauwekwi kwa maji ya Keringet. Unawekwa kwa pombe. Na pombe, buda, ni dawa ya usingizi pia, usidanganywe na tangazo lenye watu wanacheka ufukweni. Pombe inaongeza uzito kwenye breki ileile, halafu inaenda upande wa pili na kukata mafuta, kwa kuzuia kemikali inayoamsha ubongo. Kile kikomo nilichokuambia kinapotea. Bia tano ulizozizoea, na kidonge ambacho peke yake kingekulaza tu, vikikutana mwilini vinaweza kufika mahali ambapo kifua kinasahau kazi yake.

Kwa hivyo tuje kwa "mwache alale."

Mtu aliyelala usingizi wa kawaida bado ana mlinzi getini. Mbu akimuuma anapiga. Mate yakielekea njia mbaya anakohoa. Shina la ubongo linapima hewa chafu kwenye damu muda wote, ikizidi linamwamuru apumue kwa nguvu au ageuke. Ukimwita jina anaguna. Mtu aliyezimwa na dawa, au na pombe, au na vyote viwili, mlinzi wake amelala pia. Ulimi unarudi nyuma na kuziba koo. Akitapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu na hakohoi. Hewa chafu inapanda na hakuna anayeamuru kitu. Kwa macho yako yote mawili wanafanana: macho yamefungwa, kichwa kimelegea. Lakini mmoja amelala, mwingine yuko kwenye nusu kaputi bila daktari, kwenye kiti cha plastiki, na marafiki zake wanapiga selfi naye.

Na kile kitu mnachoniambia kila mara, "yuko sawa, si unasikia anakoroma," hicho ndicho kinanitisha zaidi. Mkoromo mzito wenye sauti ya maji maji, kwa mtu ambaye hata ukimfinya haamki, mara nyingi ni sauti ya koo iliyozibika nusu. Ukinyamaza halafu, usishangilie ati ametulia.

Kitu kingine watu hawajui ni kwamba saa unayomwacha si saa mbaya zaidi. Tungi yake ya mwisho bado iko tumboni, inaendelea kuingia kwa damu. Kidonge pia. Kwa hivyo yule msee uliyemuona saa saba akiwa "amelewa tu vizuri" anaweza kuwa mbaya zaidi saa nane, na wewe saa nane uko kwa teksi unaenda Kinoo.

Halafu kuna dawa zetu za kienyeji za kurudisha mtu. Maziwa. Kila mtu Kenya ni daktari wa maziwa. Mtu amezima, hawezi kumeza, na unammiminia pakiti nzima mdomoni. Hayo maziwa yanaenda mapafuni. Limau nalo. Kahawa. Kumwagia maji baridi mwezi wa saba, na pombe tayari imeshusha joto la mwili wake. Hakuna hata kimoja kinachotoa benzodiazepini kwenye kipokezi.

Kinachosaidia ni hivi. Mwite, mfinye kwa nguvu begani. Asipoamka au asipojibu kitu kinachoeleweka, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kirudi nyuma kidogo, mdomo uangalie chini ili matapishi yatoke. Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukiangalia saa. Zikiwa chini ya 8, au kukiwa na pengo la sekunde 10 kati ya pumzi moja na nyingine, hiyo ni dharura, hata kama ni "kawaida yake." Angalia ndani ya midomo na kucha, kwa ngozi zetu rangi ya kijivu huonekana hapo kwanza. Piga 999 au 112, na kwa sababu tunaishi Nairobi na tunajua ambulensi ni bahati nasibu, mtu mwingine wakati huohuo atafute gari. Na usimwache. Akiacha kupumua, mlaze chali, mwanze kumbonyeza kifua.

Mtu atauliza, hospitali watafanya nini, si watamwacha alale tu? Hapana. Watailinda njia ya hewa, watampa oksijeni, na watamwangalia. Iko dawa ya kukinza benzodiazepini, inaitwa flumazenili, lakini daktari haimwagi ovyo, kwa sababu, kama nilivyosema, mchele si dawa moja. Kwa mtu ambaye amepewa mchanganyiko, flumazenili inaweza kumletea degedege. Kwa hivyo unachokipata hospitalini zaidi ya chochote ni mtu aliyesomea kuhesabu pumzi, ambaye hajalewa.

Na tusijifanye tabia hii ni ya klabu peke yake. Huku Kawangware na Kangemi kila mama anayeacha mtoto kwa deikea ameshawahi kujiuliza kwa nini siku zingine mtoto amelala sana. Piriton. Ni dawa ya mzio, usingizi ni athari ya pembeni tu, kwa sababu hizi dawa za mzio za kizazi cha zamani huvuka na kuingia ubongoni. Watu wanainunua kama pipi na kumpa mtoto "atulie." Mantiki ni ileile: akinyamaza, ameshalala, kila kitu kiko sawa. Hiyo ni stori ya siku nyingine na nitaiandika, lakini ujue imetoka kwa sufuria moja na hii.

Sasa sentensi ya pili. "Lakini alitembea mwenyewe."

Beshte yangu mmoja, jina nitalificha kwa sababu mamake hajui mpaka leo, alitoka kazi Ijumaa akaingia mahali Westlands na wenzake wawili. Anakumbuka bia ya pili. Anakumbuka mtu akiuliza kama kiti kina mwenyewe. Hapo filamu inakatika. Inarudi Jumamosi saa nane mchana, yuko kwa kibaraza cha duka Kangemi, mama mboga anampea maji. Kamera ya jengo inamwonyesha akitoka saa sita na kitu usiku, kwa miguu yake, anacheka, anampigia baunsa saluti. PIN yake iliwekwa sawa mara ya kwanza. Akiba imekwenda, na mikopo ya simu imechukuliwa juu yake. Benki yake, ambayo sitaitaja, ilimwandikia kwamba miamala ilithibitishwa na mteja mwenyewe. Kituo cha polisi, ambacho pia sitakitaja, kilimwambia arudi akishalevuka. Na wenzake wa kazini? Walikuwa na komenti moja tu. Alitembea mwenyewe.

Ndiyo. Alitembea mwenyewe. Hiyo ndiyo dawa inavyofanya.

Uliza mtu yeyote aliyewahi kuingizwa kamera tumboni hospitalini. Wengi hudungwa midazolamu, ndugu wa karibu wa hii bugizi. Daktari anamwambia geuka upande, anageuka. Fungua mdomo, anafungua. Anajibu maswali. Dakika chache baadaye anakaa kitandani na kuuliza, "Kwani mtaanza saa ngapi?" na wao walimaliza zamani. Hakuwa amezirai. Alikuwa macho, anatii, lakini hakuna kilichoandikwa. Madaktari wanaipenda kwa sababu hiyo hasa, mgonjwa asibaki na kumbukumbu ya mateso.

Fikiria duka. Mwenye duka yuko kaunta, anauza, anarudisha chenji, anasalimia wateja. Lakini karani wa kuandika kitabu ameondoka. Jioni ukifungua kitabu, kurasa ni nyeupe. Si kwamba kumbukumbu zimefichwa mahali na ukimbana vizuri zitatoka. Hazikuwahi kuandikwa. Kwa hivyo ukimuuliza beshte yangu mara ishirini yule mtu alikuwa anafananaje, na akushindwa, si kwamba anakuficha mambo ya mke wa mtu.

Na kuna kitu kibaya zaidi ya kusahau. Hizi dawa zilitengenezwa kuondoa wasiwasi. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara ya Valium tangu mwanzo. Sasa niambie, ni nini kinachokuzuia wewe saa hii kumpa mtu usiyemjua PIN yako? Ni wasiwasi. Ule mshtuko mdogo tumboni unaokuambia ngoja kwanza. Dawa ikishautoa, mtu anakuuliza PIN kwa upole na unaitaja kwa upole. Anakuambia twende, unaenda. Wakili, benki, mke, polisi, wote wakiangalia ile video wanaona mtu aliyekubali. Kukubali kunahitaji yule wa ndani anayeweza kukataa, na huyo ndiye wa kwanza kulazwa.

Hapa ndipo vichekesho vya fisi vinageuka kuwa kitu kingine. Kwa sababu ile ile video, ukiwa ni msichana anayetoka na mwanaume, inatumika vilevile. "Si alikuwa anacheka? Si alimshika mkono?" Wanaume mnaocheka wenzenu kwa kuibiwa mnawafundisha wabakaji cha kusema. Na wanawake mnaosema wanaume wa mchele walistahili, nyinyi pia mnakubali ile hoja kwamba aliyetembea amekubali. Hamuwezi kuikataa upande mmoja na kuichekea upande mwingine.

Kuhusu kituo cha polisi, dawa nyingi za ukoo huu hukaa mwilini muda mrefu. Flunitrazepamu huchukua karibu siku nzima ili nusu yake tu iondoke kwenye damu, na daiazepamu inaweza kuchukua muda mrefu zaidi ya hapo. Kwa hivyo mtu anayefika kuripoti kesho yake mchana huongea polepole, anayumba, anarudia maneno. Anaonekana mlevi. Ofisa anamfukuza kwa sababu ya dalili yenyewe ya kosa analokuja kuripoti. Na saa zinakwenda, na mkojo uliokuwa na ushahidi unaishia kwa choo cha kulipia shilingi kumi.

Nikubali kitu kimoja kwa wale wajuaji, kwa sababu wako sahihi hapo. Si kila aliyezima amewekewa. Pombe peke yake, ikinywewa haraka na tumbo tupu, inaweza kumfukuza yule karani vilevile, na wasee wengi wanaodai mchele walikunywa tu kupita kiasi. Sawa. Halafu? Akiwa amezima kwa pombe, mapafu yake yanajua tofauti? Koo linaziba kwa upendeleo? Hesabu pumzi, mlaze ubavu, mpeleke. Mjadala wa nani alaumiwe utausoma akishaamka.

Na tuwache hizi hekaya za ati unasalimiwa tu na mkono, au unapewa kadi ya biashara, au mtu anakupulizia poda pale Archives na unaenda kutoa pesa benki ukiwa kama zombi. Mkono haumezi. Kidonge cha benzodiazepini hakiwezi kuvuka ngozi ya kiganja kwa salamu ya sekunde mbili. Wengi wanaosimulia hivyo walitapeliwa kwa maneno, na utapeli ni kosa la jinai bila kuhitaji poda. Shida ya hizo hekaya ni kwamba zinakufanya uogope mikono ya watu barabarani, huku glasi yako umeiacha mezani. Mchele unaingia kwa mdomo. Kwa bia, kwa jusi, kwa biskuti na soda ya jirani kwa basi la usiku linalotoka River Road. Wazazi wetu waliambiwa hilo la biskuti tangu zamani, na walikuwa wameelewa famakolojia kuliko sisi.

Hata si ujanja wa Nairobi. Kule Chicago kulikuwa na mtu anaitwa Mickey Finn, alikuwa na baa inaitwa Lone Star Saloon, akashutumiwa kwamba anawatilia wateja dawa kwa kinywaji ili waibiwe. Ilikuwa 1903. Jina lake mpaka leo, kwa Kiingereza, ni jina la kinywaji kilichotiwa dawa, na dawa inayohusishwa nalo sana ni ileile klorali haidreti. Unajua walichofanya kuhusu hiyo baa? Waliifunga. Hawakubandika karatasi chooni ya kuwaambia wateja wachunge glasi zao.

Sisi ndio tumebaki na karatasi. "Chunga kinywaji chako." Ni ushauri mzuri, nami naufuata. Lakini tazama kazi yote imepewa nani. Mtu anayekunywa, ambaye kwa ufafanuzi wake ndiye anayeendelea kupoteza uwezo wa kuchunga. Yule weita aliyeona glasi tatu zikihamishwa, haambiwi kitu. Baunsa anayefungua mlango kwa mtu anayebebwa nusu na watu asiojua majina yao, haambiwi kitu. Mwenye nyumba ya kukodi kwa usiku mmoja Kilimani au Kileleshwa, mwenye kemisti, dereva wa teksi, wote wako likizo.

Roche wenyewe walisukumwa. Marekani, ambako Rohypnol haijawahi kuidhinishwa, ilipitisha sheria 1996 ya kuwaadhibu wanaotumia dawa kuwalewesha watu ili wawabake. Mwaka mmoja kabla, flunitrazepamu ilikuwa imepandishwa kwenye ngazi kali zaidi ya udhibiti wa kimataifa. Kampuni ikabadilisha kidonge chake, kikawekwa rangi ya buluu inayotoka kikiyeyuka. Sasa usije ukategemea hiyo rangi. Ni ya kidonge cha Roche, si ya kila kidonge cha dawa hiyo, na kwa bia nyeusi au Coke yenye kitu ndani utaiona na nini? Ninachosema ni kwamba aliyetengeneza alilazimishwa kubeba sehemu ya mzigo.

Hapa kwetu sheria si changa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 230, inasema mtu anayempa mwenzake dawa ya kumlewesha ili atende kosa anaweza kufungwa maisha. Maisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 27, inasema si chini ya miaka 10 kwa anayempa mtu kitu kwa nia ya kumfanyia tendo la ngono. Na benzodiazepini hazitakiwi kuuzwa bila karatasi ya daktari. Bodi ya Famasia na Sumu ipo kwa kazi hiyo. Lakini kuna kaunta hii Nairobi ambazo karatasi haiulizwi, na tunazijua, na wanaozikagua wanazijua kuliko sisi. Badala ya kutuonyesha sura za wasichana watatu waliokamatwa na simu kumi na moja mezani, siku moja tuonyesheni leseni ya kemisti ikipokonywa kwa sababu hiyo. Vidonge havioti kwa mkoba.

Kama imeshatokea, kwako au kwa mtu wako, fanya haya kabla hujaoga na kabla hujalala tena. Nenda hospitali kwanza, polisi baadaye, na uende na mtu, kwa sababu hujalevuka hata kama unajiona sawa. Usiendeshe gari siku hiyo. Omba wachukue mkojo, ule wa kwanza kabisa, na damu. Dawa nyingi za ukoo huu huonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa, lakini nyingine za kulewesha hupotea ndani ya nusu siku. Kama kuna uwezekano wa kubakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Pale Hurlingham kuna kituo cha Nairobi Women's cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, kilichoanza 2001, na kinapokea wanaume pia. Narudia hapo kwa sababu najua nani ananisoma: wanaume pia. Piga simu ya kufunga laini na akaunti ukitumia simu ya mtu mwingine ukiwa bado kwa foleni. Na ukiandika taarifa, usijaze mapengo. Usiseme "nadhani nilimwambia PIN." Sema sikumbuki, kwa sababu hiyo ndiyo dalili.

Wiki hii nimeandikia klabu nne za Westlands na tatu za tao swali moja tu: mteja akizima kwa kiti, mfanyakazi wenu ameelekezwa afanye nini? Mmoja alijibu, akaniambia wana walinzi wa kutosha, yaani hakujibu. Kwa hivyo nawauliza nyinyi mnaofanya kazi huko. Weita, baunsa, DJ, dada wa usafi anayefungua choo saa kumi alfajiri. Bosi wako alikuambia ufanye nini? Mna chumba cha kumlaza mtu ubavu? Kuna mtu amewahi kuonyeshwa kuhesabu pumzi? Au mnaambiwa mumtoe nje kabla hajaharibu jina la klabu? Niandikieni kwa inboksi. Sitataja jina lako wala mahali unapofanya kazi, lakini majibu nitayaweka hapa vile yalivyo, Jumapili jioni.